Kupima asidi jirani inavyoharakisha kuachiwa kwa fosfati

Unachotafuta ni nundu kwenye mchoro wa kasi ya mmenyuko dhidi ya pH. Fosfati ya salisili, ambayo kaboksili yake (kundi la asidi, COOH) imekaa ubavuni mwa fosfati kwenye pete moja ya benzini, huvunjika kwa kasi kubwa zaidi pH ikiwa karibu 5, kisha hupungua kasi pande zote mbili. Ukipima pH moja tu, huna ushahidi wowote wa ujirani.

Yeyusha miligramu 22 za fosfati ya salisili katika umbo lake la asidi (masi ya moli 218) katika mililita 10 za sodiamu haidroksaidi 0.05 M iliyopozwa kwa barafu. Hapo unapata takriban 10 mM. Alkali ni lazima: kaboksili iliyokwisha kupoteza protoni haina cha kutoa, na fosfati hutulia. Katika maji matupu mchanganyiko huo hubaki wenye asidi, na huanza kuharibika chupani.

Maji ndiyo yanayoangusha wengi pwani. Ya kisima, Lamu au Malindi, yana chumvi na kalsiamu, na kalsiamu hushikamana na fosfati. Tumia yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke). Ukinunua maji ya betri, soma lebo: mengine ni asidi ya salfa!

Tengeneza bafa (miyeyusho inayoshikilia pH isibadilike) za 0.1 M: fomati kwa pH 3 na 3.5, asetati kwa 4 hadi 5.5, MES (bafa ya kutengenezwa maabara) kwa 6 na 7. Sawazisha jumla ya chumvi (nguvu ya ioni) katika kila bafa iwe 1 M kwa potasiamu kloraidi. Epuka piridini na imidazoli, kwani nitrojeni zake zinaweza kushambulia fosfati zenyewe.

Pasha mililita 4.95 za bafa hadi 37°C, tia mikrolita 50 za mchanganyiko wako, tikisa, soma unyonyaji wa mwanga kwenye nanomita 300 kila dakika 5; unaopanda ni wa salisilati, kinachobaki fosfati ikishaondoka. Kuveti (kichupa cha kusomea mwanga) iwe ya kwatsi. Ya plastiki ya kawaida huzuia mwanga huo. Ifunike, maana mvuke ukitoka usomaji hupanda bila mmenyuko wowote. Umeme ukikatika, chupa ya chai yenye maji ya 37°C huokoa kazi kwa muda. Usomaji wa mwisho uchukue baada ya nusu-maisha 7 hivi (nusu-maisha ni muda wa nusu ya fosfati ya salisili kuvunjika), kwa kila pH peke yake, kwa sababu salisilati hubadilisha unyonyaji wake pH inaposhuka. Chora logi asilia ya tofauti kati ya usomaji wa mwisho na wa kila wakati, dhidi ya muda. Mteremko, ukiondoa alama ya hasi, ndio kasi ya pH hiyo.

Rudia kwa fenili fosfati, isiyo na jirani, ukisoma kwenye nanomita 270. Katika saa hizo hizo haisogei kiasi cha kupimika.

Hapa tahadhari. Nundu inaafikiana na kaboksili yenye protoni kando ya fosfati yenye chaji mbili hasi, lakini pia na kaboksilati (kaboksili iliyopoteza protoni) kando ya fosfati yenye protoni moja. Jumla ya chaji ni ile ile, kwa hiyo mchoro wa pH hauzitenganishi. Maelezo ya kwanza ndiyo yanayokubalika zaidi: oksijeni ya fenoli huondoka kwa shida, na kaboksili huipa protoni wakati kifungo chake na fosforasi kinakatika. Asidi ya aspatiki hufanya kazi kama hiyo katika vimeng'enya vinavyoondoa fosfati kutoka kwa tirosini, mojawapo ya asidi amino za protini.

Bila kifaa cha mwanga wa urujuanimno, chota mililita 1 kila mara, mimina katika mililita 4 za feri kloraidi 0.02 M ndani ya asidi ya haidrokloriki 0.1 M, usome zambarau kwenye nanomita 530 papo hapo. Usipunguze chuma: kikiwa kichache, fosfati hukinyakua na rangi hufifia.