Somo: Kuiamuru giaboksi ya otomatiki ya gari la spoti ibadili gia unapotaka wewe

Mtu akipata gari la spoti lenye gia otomatiki, siku hiyohiyo anakimbilia padeli za nyuma ya usukani, zile za kubadilishia gia kwa vidole. Wiki mbili baadaye kazisahau, analalamika kwamba gari linachelewa kuitika. Mimi naanzia chini, kwenye mguu wa kulia, maana huo ndio unaoamua gia karibu safari nzima. Padeli zitasubiri.

Kompyuta ya giaboksi inaangalia mambo mengi, ila makubwa ni mawili: mwendo wa gari na kiasi ulichokanyaga mafuta. Kanyaga kidogo, itapandisha gia mapema injini ikiwa bado imetulia, ili ibane matumizi. Kanyaga sana kwa mwendo uleule, itaishikilia gia ya chini injini ipande. Kwa hiyo hata ukiwa kwenye D, hali ya kawaida ambayo gari linajibadilishia gia, tayari unatoa amri, ila hujui kwamba unazitoa.

Hatua ya 1: mguu. Tafuta barabara iliyo wazi, isiyo na watu. Kanyaga mafuta kama nusu, gari likishachangamka achia kidogo tu, usitoe mguu wote. Sauti ya injini itashuka na mshale wa mizunguko utaanguka: gia imepanda, nawe hukugusa kingine chochote. Rudia mpaka uweze kusema "sasa" na ipande kweli.

Kushusha ni kinyume chake, lakini hapa wengi wanakosea. Wanasukuma mafuta polepole, giaboksi inadhani wanataka kuongeza mwendo taratibu, inabaki juu. Kanyaga kwa pigo moja la uhakika. Ukifika mwisho, kwenye magari mengi utahisi "tik" chini ya soli, kama swichi ya taa. Hiyo ndiyo kikidauni: giaboksi inashusha hadi gia ya chini kabisa ambayo injini itaimudu kwa mwendo huo. Inachukua muda kidogo kuitika, kwa hiyo usisubiri uwe umeshatoka upande wa pili kuovateki ndipo ukanyage.

Hatua ya 2: S, yaani hali ya spoti. Hakuna mengi. Gia zinachelewa kupanda, na ukishika breki zinashuka mapema. Kwa barabara ya kona nyingi mimi naiacha hapo na sigusi padeli kabisa.

Hatua ya 3: M, yaani kubadili gia mwenyewe, na padeli. Padeli zilitoka kwenye Formula 1. Ferrari 640 ya mwaka 1989, kazi ya mhandisi John Barnard, ndiyo iliyozileta mbioni, na dereva Nigel Mansell akashinda nayo shindano la kwanza la gari hilo, kule Brazili. Mwaka 1997 Ferrari wakaziweka kwenye gari la barabarani, F355. Leo ya kulia inapandisha, ya kushoto inashusha.

Kabla hujaanza, jua M ya gari lako ni ya aina gani. Kuna inayopandisha yenyewe injini ikigusa mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko yake, na kuna inayokuachia mzigo wote. Mimi nilizoea ya kwanza, siku moja nikapanda gari la aina ya pili. Natoka kwenye kona mafuta chini, nangoja gia ipande, nasikia injini inatetemeka ta-ta-ta-ta na gari haliendi popote. Mshale umeganda kwenye wekundu, nami nimeutolea macho kama mgeni.

Hata ukijua, usingoje mshale uguse wekundu. Kwenye gia ya kwanza unaruka juu haraka kuliko mkono wako. Vuta padeli ikibaki mizunguko kama 500 kwa dakika kufika hapo. Gia ya tatu na ya nne zinakupa nafasi zaidi.

Wakati wa kushusha, breki kwanza, gia baadaye, moja baada ya moja. Ukivuta padeli gari likiwa bado na mwendo mkubwa kuliko gia inayofuata inavyoweza, kompyuta inakataa, na magari mengine hulia mlio mdogo. Usibishane nayo, inaokoa injini yako. Punguza mwendo, vuta tena.

Kama unatumia lever badala ya padeli, angalia alama. Kwenye BMW kupandisha ni kuvuta nyuma na kushusha ni kusukuma mbele. Magari mengine mengi ni kinyume. Mimi napendelea ya BMW: ukishika breki mwili unaenda mbele, na mkono unaenda nao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikipandisha gia kwa padeli niachie mafuta kidogo?
Kwenye giaboksi ya konveta (otomatiki ya kawaida, inayopitisha nguvu kwa oili) au ya klachi mbili, hapana. Kompyuta yenyewe inapunguza nguvu ya injini kwa kitambo kidogo gia inapobadilika. Zile za zamani zenye klachi moja inayoendeshwa na mitambo, ndiyo, achia kidogo, la sivyo zitakurusha kichwa.

Nikivuta padeli nikiwa D, nimeshaingia M?
Kwa magari mengi ni kwa muda tu. Usipovuta tena, baada ya sekunde kadhaa linarudi D lenyewe. Mengi pia ukiishikilia padeli ya kulia linarudi hapohapo.

Asubuhi langu linang'ang'ania gia, injini inalia sana. Ni ubovu?
Likiwa baridi, kompyuta inachelewesha gia makusudi ili injini na oili vipate joto. Baada ya dakika chache litulie. Lisipotulia, anza kwa kupima oili ya giaboksi. Na injini baridi usiipeleke wekundu, hata kama M inakuruhusu.

Langu la zamani, halina padeli wala S. Lina waya unaotoka kwenye mfumo wa pedali ya mafuta mpaka giaboksi.
Waya huo ndio mguu wako. Ukilegea, gia zinapanda mapema mno na presha ya oili inashuka, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Ukikazwa kupita kiasi, gia zinachelewa na zinapanda kwa kugonga. Kama una kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), kizime ukiwa kwenye kona au mlimani, utaifungia gia hiyo isiingie.

Basi niukaze kidogo ili gia zichelewe kama za spoti?
Wapo wanaofanya hivyo, na ni afadhali kuliko kuulegeza. Lakini kwanza uweke kwenye kipimo cha kitabu cha gari, endesha siku kadhaa, ndipo uzungushe nati nusu mzunguko na kusikiliza. Ukianza kuhisi inagonga kila gia ikipanda, rudisha.