Somo: Kufanya Mazoezi ya Judo Ukiwa Umefungwa Macho, Pamoja na Maswali ya Wanachama

Wengi wanaoniomba mazoezi ya kufunga macho huwa na picha ya mpiganaji anayesikia pumzi ya adui akiwa mbali na kujua ngumi itatokea wapi. Ningependa picha hiyo tuiweke kando tangu mwanzo, kwa sababu faida ya zoezi hili haimo masikioni. Imo katika viganja, katika vidole viwili vya mwisho vya kila mkono, na katika nyayo. Anayeona huyategemea macho hata pale ambapo mikono imekwisha kumpa habari mapema zaidi, na tunapoyafunga macho tunailazimisha mikono ifanye kazi ambayo ingeifanya siku zote kama ingeachiwa nafasi.

Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, ndiyo inayofaa zaidi kwa somo hili, na ushahidi uko wazi. Judo ya wasioona imo katika Michezo ya Paralimpiki tangu Seoul mwaka 1988, na wanawake waliingia Athens mwaka 2004. Sheria zake ni karibu zile zile za kawaida, isipokuwa kwamba wachezaji huanza wakiwa wameshikana tayari, mkono mmoja kwenye ukosi na mwingine kwenye mkono wa koti la mwenzake. Wakiachana kabisa, mwamuzi hutamka "mate", yaani simameni kwa Kijapani, na kuwarudisha katikati ili washikane upya. Nasi tutaifuata kanuni hiyo bila kuikiuka: hakuna zoezi la kufungwa macho ambamo wawili hawajagusana.

Hatua ya kwanza ni mahali. Mkeka uwe mtupu, wawepo watu wawili tu wanaofanya zoezi, na mtu wa tatu anayeona asimame pembeni bila kazi nyingine yoyote ila kusema "simama" wanapokaribia ukingo. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliipuuza hatua hii kwa kuwa ukumbi ulikuwa mdogo na wanafunzi wengi, na kijana mmoja akaangukia ukingoni, nusu ya mwili kwenye mkeka na kiganja kwenye saruji. Kifundo cha mkono wake kilivimba kwa wiki tatu. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijafundisha somo hili bila mtu wa pembeni.

Hatua ya pili ni kusimama peke yako. Mwili hupata mizani yake kutoka sehemu tatu, yaani macho, sikio la ndani, na hisia za misuli na viungo, na ukiondoa macho mbili zilizobaki hubeba mzigo wote. Simama kwa mguu mmoja ukiwa peku, fumba macho, na usikilize jinsi kifundo cha mguu kinavyofanya masahihisho madogo madogo chini yako. Dakika mbili kwa kila mguu zinatosha. Kisha rudia ukemi, kuanguka kwa usalama, kwanza ukiwa umekaa, halafu umechuchumaa, halafu umesimama, na asiyeanguka vizuri macho yakiwa wazi asiendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo, nami huipa nusu ya muda wote. Shikana na mwenzako kwa mshiko wa kawaida, mmoja akiwa amefungwa kitambaa. Kaza kidole cha mwisho na cha pete, legeza kidole gumba na cha shahada, na viwiko vishuke, kwa maana mkono uliokakamaa hausikii chochote. Anayeona atembee taratibu mbele, nyuma na pembeni bila kujaribu kuangusha, na aliyefungwa macho ataje kwa sauti ni mguu upi wa mwenzake umebeba uzito: "kulia, kushoto, kulia". Mwanzoni atakosea sana. Baada ya siku kadhaa ataanza kutambua kwamba mwenzake anapotanguliza mguu wa kulia, bega la kulia husogea nalo na kitambaa cha mkono wa koti hulegea kidogo ndani ya kiganja, na uzito unapotua, ukosi huvutika kuelekea chini kwa kiasi ambacho jicho lisingekiona. Hiyo ndiyo habari tunayoitafuta, na hata kuzushi, kumtoa mtu kwenye mizani, huwa kubahatisha tu kwa yule asiyeweza kuipokea.

Hatua ya nne ni kuitumia habari hiyo. Chagua mbinu moja tu, nami napendekeza de-ashi-barai, kufagia mguu unaotangulia, kwa sababu haikubali kukosea wakati: ukifagia kabla, mguu bado uko hewani, ukichelewa, uzito umekwisha tua na unapiga mti. Mwenzako atembee kwa mwendo wa kawaida, nawe ungoje ule ulegevu wa kitambaa kisha ufagie kwa unyayo, ukivuta mkono wa koti kuelekea nyonga yako. Usifagie kwa kuhesabu hatua. Nimewaona wanafunzi wazuri wakijidanganya kwa kuhesabu, na mara mwenzao alipobadili mwendo wakabaki hawana kitu.

Hatua ya tano ni randori nyepesi, yaani pambano huru la mazoezi, mmoja amefungwa macho na mwingine anaona, dakika mbili kisha mnabadilishana. Mara tu baada ya hapo fungua kitambaa na ucheze raundi moja ukiona, ukijitahidi kutazama kifua cha mwenzako bila kuikazia macho miguu yake. Raundi hii msiiache, kwa kuwa ndipo mikono na macho vinapoanza kufanya kazi pamoja.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi nafundisha karate. Je, wanafunzi wangu wapigane wakiwa wamefungwa macho?

Hapana. Ngumi inayorushwa kutoka mbali haitoi habari yoyote mkononi mpaka imefika. Unachoweza kufanya ni kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa, peke yako ukiwa umefumba macho, ili uone kama unarudi ulipoanzia, au mazoezi ya kugusana mikono kama chi sao ya Wing Chun, sanaa ya mapigano ya Kichina, ambayo watu huifanya kwa kufumba macho kwa sababu hii hii.

Shikamoo mwalimu. Nikifungwa macho napata kizunguzungu na kichefuchefu baada ya muda mfupi. Nifanye nini?

Marahaba. Acha mara moja, kaa chini, fungua macho na utazame kitu kisichosogea. Anza tena siku nyingine kwa nusu dakika tu, ukiepuka mizunguko ya haraka, na uongeze muda kidogo kidogo. Ikiwa kizunguzungu kinakujia hata nje ya mazoezi, mwone daktari kabla ya kurudi mkekani.

Kocha, amejiunga nasi binti asiyeona kabisa. Je, tumpe mazoezi yake tofauti?

Mpe mazoezi yale yale, ila badilisha namna ya kufundisha. Usimwambie "fanya hivi". Taja kiungo na upande, na umruhusu aishike nyonga na bega lako unapoionyesha mbinu polepole. Mzungushe ukingo wote wa mkeka kwa miguu yake siku ya kwanza. Ila usidhani kwamba mwanafunzi aliyefungwa kitambaa kwa dakika kumi yuko katika hali sawa na yake, wala kwamba uoni hafifu na kutoona kabisa ni kitu kimoja: kwa Michezo ya Paris mwaka 2024 wachezaji waligawanywa katika makundi mawili, J1 ya wasioona na J2 ya wenye uoni hafifu, kwa kuwa hata uoni mdogo uliobaki humpa mtu nafuu katika pambano. Na anapopangwa kufanya hatua ya tatu, awe yeye anayesikiliza na pia awe yeye anayetembea, kwa sababu wenzake watajifunza mengi kutoka kwenye mshiko wake.