Somo: Yurti ya wageni wawili karibu na Mbuga ya Baharini, Malindi

Salaam wenyeji wenzangu wa Malindi, Watamu na Lamu. Tangu picha za yurti, yaani hema la mviringo, zienee mitandaoni, wenye viwanja wanauliza namna ya kuijenga. Kuna na swali jingine ambalo watu huniuliza pembeni: wakija wanaume wawili, mtu na mumewe, unawapokeaje? Nayafundisha yote mawili kwa pamoja. Nyumba ya mawe ya matumbawe humsitiri mgeni hata mwenye nyumba akiwa mzembe. Hema ni kitambaa tu. Sitara yake utaitengeneza wewe.

Hatua ya 1: Kiwanja

Upande wa Casuarina, karibu na lango la mbuga, kila mtu anataka kuona bahari kutoka kitandani. Mimi nasema rudi nyuma, ujifiche kwa mivinje. Ufukweni chumvi inakula vyuma, na wapitanjia hawaishi. Mlango uupe kisogo njia ya watu. Toboa madirisha mawili, moja la kusi na moja la kaskazi, ili upepo wa msimu wowote upite kitandani.

Kabla hujanunua hata msumari, ulizia leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha kaunti. Hema nalo ni malazi mbele ya sheria.

Hatua ya 2: Jukwaa

Inua sakafu futi mbili kutoka chini, kwa sababu ya mchwa na maji ya masika. Nguzo za mvinje zinapatikana mashambani kote Kilifi. Boriti za mikoko usizikate kienyeji, zinahitaji ruhusa ya Huduma ya Misitu.

Hatua ya 3: Fremu na kitambaa

Yurti ni nyumba ya wafugaji wa Mongolia, Kazakhstan na Kirigizistan: ukuta wa fito zilizofungwa kimia, miti ya paa inayokutana juu kwenye taji, na blanketi nzito la sufu kwa ajili ya baridi. Hiyo sufu iacheni hukohuko. Kwa joto na unyevu wa Malindi itaota ukungu, na mgeni atapikika. Tumia turubai la pamba, siyo nailoni, kisha pandisha paa la makuti juu yake ukiacha nafasi hewa ipite kati. Taji liwe wazi, na uliwekee wavu wa waya kuzuia komba na popo.

Yurti ya kipenyo cha mita 6 inakupa kama mita 28 za mraba. Zinatosha kitanda kimoja cha sita kwa sita, sanduku mbili, kiti na meza. Nimesema kitanda kimoja. Ukiona majina mawili ya kiume kwenye oda ya wanandoa, usijitie hekima ya kuwatandikia vitanda viwili vya futi tatu. Walichoagiza ndicho uwape. Chandarua cha mviringo ukining'inize kutoka kwenye taji.

Hatua ya 4: Taa na sauti

Hapa ndipo kambi nyingi za kifahari zinaposhindwa. Mchana hema linaonekana limefunika kila kitu. Usiku, taa ikiwaka ndani, ukuta mzima unageuka pazia la sinema. Kwa hiyo kabla hujampokea mtu, washa taa, mwambie mwenzio apite mbele ya kitanda, nawe ukasimame njiani. Ukimwona anavyojikuna kichwa, kazi haijaisha.

Taa inayoning'inia katikati ndiyo mbaya kuliko zote, hutupa vivuli pande zote. Weka taa fupi zenye kifuniko, mwanga uelekee sakafuni. Ndani shona bitana la kitambaa kizito cha rangi nzito, kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Nje zungusha wigo wa makuti hatua kadhaa kutoka hemani.

Sauti nayo inapenya. Njia ya kwenda hemani mwaga changarawe, mgeni asikie nyayo za anayekuja. Na hodi ipigwe kwenye wigo, isipigwe mlangoni. Ukisikia "karibu" ndipo usogee. Kijana wa chai anayejitokeza kimyakimya na sinia anaweza kufika wakati mbaya kwa wanandoa wowote wale, na hawa wanaume wawili anaweza kuwatia hofu ya usiku kucha.

Choo na bafu viwe ndani ya wigo huohuo.

Hatua ya 5: Kuwapokea

Chukua mfano wa wanaume wawili Waitaliano, maana Malindi Waitaliano hawatuishi. Kwao muungano wa kiraia wa watu wa jinsia moja umeruhusiwa tangu 2016. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, ina kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono "kinyume na maumbile", na cha 165 hadi miaka mitano kwa "vitendo vichafu" kati ya wanaume. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Vinazungumzia vitendo, havitaji watu wawili kulala chumba kimoja.

Wakikuuliza kabla ya kulipa, waambie hivyo bila kuwatisha wala kuwapamba. Ndani ya wigo wao wako kwao. Mjini na ufukweni, kushikana viuno na kubusiana waache, jambo ambalo Lamu na Malindi hata bwana na bibi hawalifanyi hadharani.

Wafanyakazi wote waambiwe mapema, kwa maneno machache: hakuna kupiga picha, hakuna kusimulia gengeni. Nakala ya pasipoti ikae kwenye faili lililofungwa, isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana wewe mwenye kambi. Asiyeweza kufunga mdomo mpe kazi ya bustani siku hizo.

Hatua ya 6: Mbugani

Mbuga ilianzishwa 1968 na inasimamiwa na Huduma ya Wanyamapori, KWS. Mashua yenye sakafu ya kioo hupendeza maji yakipwa, kwa hiyo saa muulize nahodha, usimwahidi mgeni saa tatu kwa kuwa ndiyo saa ya kifungua kinywa. Msimu wa kaskazi tope la mto Sabaki husukumwa huku kwetu na maji huchafuka. Mwambie mgeni mapema asije akadhani umemdanganya. Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, basi mpe chupa ya chuma. Makombe na matumbawe hayaokotwi. Mashua ukiikodi nzima, wawili hawa watakaa kwa raha kuliko kubanana na watalii wengine.

Maswali ya wanachama

Wa Shela, Lamu: Mimi ni Muislamu, na dini yangu iko wazi. Nikiwapokea si nimeshiriki?

Jibu: Hilo ni la dhamiri yako, sikuamulii. Mimi hata bwana na bibi sijawahi kuwadai cheti cha ndoa, basi sioni kwa nini nianze na hawa. Lakini ukijua moyo wako haukubali, sema kabla hawajalipa. Kupokea pesa ya mtu kisha ukamnunia siku nne ni vibaya zaidi.

Wa Mambrui: Majirani wakiniuliza wale ni nani?

Jibu: "Ni wageni." Wakizidi, waulize wao kwao kuna wageni gani.

Wa Malindi mjini: Akija mtu anajiita askari, anataka pesa la sivyo atawakamata?

Jibu: Muombe kitambulisho cha kazi na hati ya mahakama, andika jina na namba yake, mpigie wakili mbele yake. Usitoe pesa, atarudi. Na wageni waonye wasikutane na watu wasiowajua kupitia programu za uchumba; vitisho vingi vya aina hiyo huanzia huko.

Wa Kilifi: Kipi kinakula pesa zaidi?

Jibu: Turubai. Fito na taji fundi wetu anaviweza akionyeshwa mchoro. Turubai la bei ya chini linavuja masika ya kwanza tu.

Wa Watamu: Turubai langu limeota madoa meusi.

Jibu: Ni ukungu. Sugua kwa brashi na siki iliyochanganywa na maji, anika juani, na usilikunje likiwa na unyevu.

Wa Lamu tena: Upepo wa kusi hauing'oi yurti?

Jibu: Umbo la mviringo halina pembe ya kuushika upepo, linaupisha. Angalia kamba. Za katani hujikaza zikilowa, kwa hiyo zilegeze kidogo ukiona wingu, uzikaze tena zikikauka.