Ijue ngozi yako kabla hujaingia dukani: mwongozo kwa sisi wa Lamu

Biharusi akija kwangu mtaani Langoni, kabla sijamgusa uso humwambia amwage mfuko wake wa vipodozi mkekani. Aghalabu hutoka sabuni ya kukausha mafuta, tona yenye spiriti na poda ya kuficha mng'ao, vitu vya mtu mwenye ngozi ya mafuta. Nikimpima, ngozi kavu! Wa mwisho aliniomba nimwandikie hatua zenyewe ampelekee dada yake Witu, nikaona bora niwaandikie wote.

Hatua ya 1: Ipumzishe ngozi

Siku mbili tatu osha uso tu, usipake kitu. Ila kama umekuwa ukipaka krimu kali ya kung'arisha kwa miezi, usiikate ghafla, maana uso unaweza kuwaka na kufura. Wewe soma hatua ya 4, kisha umwone daktari.

Hatua ya 2: Pima

Kwa maneno ni rahisi: osha uso, ukaushe kwa kuugusagusa na kanga laini, kaa nusu saa mpaka saa nzima bila kupaka kitu, kisha tazama kipaji, pua, kidevu na mashavu. Maelezo haya yako kila mahali, na kwa anayeishi bara yanatosha. Hapa kwetu kuna mambo matatu ya kuharibu kipimo.

La kwanza ni maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Sabuni haitoi povu, unasugua zaidi, na chumvi inayobaki inaivuta ngozi. Ukipima hivyo, mji mzima utaambiwa una ngozi kavu. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kama nyumbani mna jabia, au kwa maji ya kunywa. Kata moja yatosha.

La pili ni sabuni. Ya kufulia usiilete hata karibu. Hata kipande cha kuogea kinachonukia vizuri mara nyingi kina pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 9 au 10, na ngozi yenyewe iko kwenye 5 hivi, kwa hiyo kila ngozi itakauka kwa muda. Mimi hutumia ya maji yenye gliserini, isiyo na manukato. Chupa moja hukaa sana.

La tatu, nalo ndilo linalowapoteza wengi, ni jasho. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Uso unaong'aa saa saba mchana, umetoka jikoni au umetembea kandokando ya bahari toka Shela, haukuambii lolote kuhusu mafuta. Pima baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Feni iwake, lakini isikupulize usoni, maana inakausha.

Hata hapo usiyaamini macho. Chukua tishu nyeupe, uichambue ibaki tabaka moja, uikate vipande vinne. Bonyeza kimoja kwenye kipaji, kimoja puani, na kimoja kila shavu. Bonyeza na uhesabu mpaka kumi, usisugue. Sasa vipange kwenye sahani kavu, uviache dakika kumi au robo saa. Wengi hutazama papo hapo, na papo hapo kila alama ni ya maji. Ukivinyanyua baadaye kwenye mwanga wa dirisha, jasho litakuwa limekauka na kwenda zake. Mafuta hayaendi, yanaacha doa la kupenya mwanga, kama karatasi iliyofungiwa bajia.

Doa kwenye vipande vyote: ngozi ya mafuta. Kipaji na pua tu: mchanganyiko. Hakuna doa, na uso unavuta au mashavu yamepauka: kavu. Hakuna doa nawe hujisikii chochote: ya kawaida, shukuru Mungu.

Unyeti ni habari nyingine, maana ngozi yoyote kati ya hizo yaweza kuwa nyeti. Usisubiri wekundu, kwetu hauonekani vizuri. Huja kama weusi au rangi ya zambarau iliyofifia, mara nyingine hata hiyo haipo. Jiulize kama inawasha, inachoma au ina joto.

Mitandaoni utakutana pia na madaraja ya Fitzpatrick, I mpaka VI. Hicho ni kipimo kilichoanza mwaka 1975 cha namna ngozi inavyopokea jua. Wengi wetu tuko V na VI, yaani ngozi nyeusi, na mafuta hayamo humo kabisa.

Upepo ukigeuka, kaskazi kwenda kusi, pima tena.

Hatua ya 3: Chagua

Vitu vitatu tu: cha kuoshea, cha kulainishia, cha kuzuia jua. Mwenye mafuta atafute jeli nyepesi yenye niasinamidi, na akiwa na chunusi, asidi ya salisiliki isiyozidi asilimia 2. Mkavu apake krimu yenye gliserini au shea uso ungali na maji, na usiku mafuta ya mgando kidogo juu yake. Ni ya bei ndogo, na kwa kuzuia unyevu usitoke sijaona cha kuyashinda.

Mafuta ya nazi? Mwilini, naam. Usoni kwa mwenye chunusi, hapana, huziba vinyweleo. Singo, ule msuguo wa viungo wa maharusi, pia naitengeneza mwenyewe na naipenda, lakini inakomea shingoni. Chembe za karafuu hukwaruza na kuchoma, na ngozi yetu kila ikiumizwa hujibu kwa kutoa melanini (rangi yake ya weusi) zaidi. Chunusi hupona kwa wiki, doa lake hukaa miezi. Ndiyo maana kati ya kitu kikali na kitu cha upole, nachukua cha upole kila mara. Na ndimu iacheni jikoni: ndimu na jua vikikutana usoni huunguza.

Losheni ya jua iwe na SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi. Weusi wetu una kinga yake, lakini hautoshi kuyazuia madoa yasikolee. Ujaze mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa juani, kama kwenye boti ya Mokowe. Zenye zinki nyingi hukuacha na uso wa majivu. Mimi huchagua zenye rangi ya kahawia: oksaidi ya chuma iliyomo huzuia hata ule mwanga wa kawaida unaochochea madoa.

Hatua ya 4: Soma kopo

Haidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa kwenye krimu za kung'arisha, zilipigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya tangu 1998, na bado zinauzwa. Zebaki huandikwa pia kalomeli, au Hg tu. Klobetasoli na betamethasoni ni dawa za daktari, zikipakwa ovyo ngozi huwa nyembamba. Haidrokwinoni ya miaka huleta weusi wa kibuluu usiotoka, na zebaki hudhuru figo na mtoto tumboni. Mkorogo uliochanganywa dukani na kutiwa kwenye kopo lisilo na maandishi, rudisha mkono wako. Kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), tuma SM# na nambari ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023, ulinganishe jina.

Hatua ya 5: Jaribu

Paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku mbili. Usoni anza na kimoja, kingine baada ya wiki mbili, ukichomwa ujue ni kipi. Mjamzito asiguse retinoli wala adapaleni, viambato vya jamii ya vitamini A.

Kaka zetu wenye vipele vya ndevu: nyoeni kufuata nywele zinakoelekea, na msizikate mpaka ndani.

Doa jeusi linalotanuka kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha si la krimu yoyote. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo.