Namna ya Kuuchunguza Ushahidi wa Uadilifu wa Koreshi Mkuu

Koreshi Mkuu, aliyetawala Uajemi tangu takriban mwaka 559 hadi 530 KK, husifiwa kuwa mfalme mwadilifu aliyeheshimu dini za watu aliowashinda. Sifa hiyo ina msingi, lakini anayetaka kuifundisha au kuiandikia hana budi kuijenga juu ya ushahidi wa wakati wake.

Anza na Silinda ya Koreshi, yaani silinda ya udongo wa kuchoma yenye maandishi juu yake, yenye urefu wa sentimita zipatazo 22, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 katika uchimbaji wa Hormuzd Rassam na ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Tumia tafsiri ya makumbusho yenyewe, kwa kuwa mtandaoni imeenea tafsiri ya uongo inayodai kwamba Koreshi alipiga marufuku utumwa. Kuitambua si kazi ngumu: hiyo ya uongo humtaja Ahura Mazda, mungu mkuu wa Waajemi, ilhali maandishi halisi hayamtaji hata mara moja, bali humtukuza Marduk, mungu mkuu wa Babeli.

Unapoyasoma maandishi halisi, jiulize yaliandikwa na nani, na kwa ajili ya nani. Waliyaandika waandishi wa Babeli, kwa lugha ya Kiakadi na mwandiko wa kikabari (wa alama zenye umbo la kabari), wakifuata mtindo wa wafalme wa huko waliotangulia. Wanaeleza kwamba Marduk alichukizwa na Nabonidus, mfalme wa Babeli, akatafuta mtawala mwenye haki, akamshika Koreshi mkono na kumwingiza mjini bila vita. Kisha Koreshi akawaondolea wakazi mzigo uliowaelemea, akairudisha miungu ya miji mingine katika mahekalu yake na kuwarejesha watu makwao. Ni tangazo la mshindi, na lisomwe hivyo. Wayahudi hawatajwi humo, wala Yerusalemu.

Kwa habari za Wayahudi, fungua kitabu cha Ezra katika Biblia, sura ya 1 na ya 6, uzisome pamoja na si moja peke yake. Sura ya 1 inaleta tangazo lenye heshima kuu kwa Mungu wa Israeli. Sura ya 6 ina kumbukumbu kavu ya kiofisi: hekalu la Yerusalemu lijengwe upya, urefu wake kwenda juu mikono 60 na upana wake mikono 60, gharama itoke katika nyumba ya mfalme, na vyombo alivyovichukua humo Nebukadreza, mfalme wa Babeli, virudishwe. Hapa ndipo penye uzito mkubwa, nami ningemshauri mwalimu yeyote akae hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu Wababeli walisema Koreshi ameteuliwa na Marduk, naye mwandishi wa Isaya 45 akamwita masihi wa Bwana. Mataifa mawili yaliyotofautiana kabisa katika imani yalimwona mfalme huyo huyo mgeni kuwa ni wa kwao.

Usiruke upande mwingine. Kumbukumbu ya Babeli iitwayo Tarehe ya Nabonidus (yaani orodha ya matukio ya mwaka hadi mwaka) inasimulia kuhusu mwaka 539 KK kwamba, kabla Babeli haijaingiwa kwa amani, kulikuwa na mapigano katika mji wa Opis na watu wakauawa. Weka tukio hilo ndani ya somo lako, kisha mpime Koreshi kwa desturi za wafalme wa Ashuru na Babeli waliohamisha mataifa kwa nguvu na kuteka sanamu za miungu yao. Usimpime kwa istilahi ya haki za binadamu, ingawa nakala ya silinda hiyo ilikabidhiwa Umoja wa Mataifa mwaka 1971 kwa sifa hiyo.

Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, mwache mwisho, kwani aliandika karibu miaka 100 baada ya kifo cha mfalme huyo. Anafaa kwa jambo moja hasa: anatueleza jinsi Waajemi wenyewe walivyowakumbuka watawala wao, Dario kama mchuuzi, Kambisi kama bwana mkali, na Koreshi kama baba.