Kichanga anatapika bila kuharisha: usisahau kichwa

Ana miezi 3, amelegea, anatapika, hana homa. Usikimbilie malaria: huenda ametikiswa au kupigwa, akaumia kichwa. Mvue nguo zote, hata nepi, ukague nyuma ya masikio, shingo na kifua. Hajui kutambaa, kajigonga wapi? Alama moja tu ya damu kuvilia yatosha kukutia shaka. Mkalishe akiwa ametulia, upapase utosi: ukituna, presha ya ubongo huenda imepanda. Akipata degedege au pumzi ikikatika, oksijeni kwanza, kisha CT skani (picha ya ndani ya kichwa). Daktari wa macho apanue mboni aone kama retina, utando wa nyuma ya jicho, imevuja damu. Pima kuganda kwa damu, isije ikawa ugonjwa ndio unaomvujisha. Eksirei ya mifupa yote irudiwe baada ya wiki 2, maana ufa mpya wa mbavu hujificha. Maelezo ya mlezi yaandike kwa maneno yake mwenyewe. Akiyabadilisha, usifute ya kwanza.