Somo: Kuwaandaa watu wetu kuhudumu kwenye vituo vya kodi vya bure Marekani

Somo hili ni la vikundi vyetu vya hapa Marekani: kanisa, msikiti, chama cha Wakongo, umoja wa Wakenya, akina mama wa upatu. Kila mwaka, Januari ikielekea ukingoni, watu wetu wanamiminika kwa "fundi wa kodi" wa mtaani. Mtu ana fomu moja tu ya W-2 (karatasi ya mshahara ya mwaka kutoka kwa mwajiri), lakini anakatwa dola mia kadhaa kwenye marejesho yake, na wapo mafundi ambao hata sahihi yao hawaiweki kwenye kazi waliyoifanya. Wakati huohuo maktaba ya mji huenda ina kituo cha VITA kinachofanya kazi ileile bila malipo. Watu wetu hawaendi kwa sababu hawajui kama kipo, na waliowahi kwenda hawakukuta wa kuwaelewa.

VITA ni mpango wa IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Mizizi yake ni sheria ya kodi ya 1969. Ndugu yake ni TCE, unaowalenga wazee wa miaka 60 na kuendelea. VITA huhudumia wenye kipato cha chini (msimu wa 2025 kiwango kilikuwa takriban dola 67,000 kwa mwaka), watu wenye ulemavu, na wasiokimudu Kiingereza. Hao wa mwisho ni sisi, na tuna haki ya kuhudumiwa kama wengine.

Pesa inayozungumziwa hapa si ndogo. Nafuu ya kodi inayoitwa EITC, ambayo hupewa wafanyakazi wa kipato cha chini, kwa mwaka wa kodi 2025 inaweza kufika dola 8,046 kwa familia yenye watoto watatu au zaidi. Ndiyo maana mafundi hawakosi wateja.

Hatua ya 1: Tafuteni kituo mwenyeji (Septemba na Oktoba)

Najua wengi mngependa kufungua kituo chenu chenye bango la Kiswahili mlangoni. Mwaka wa kwanza msifanye hivyo. Kituo kinahitaji makubaliano na ofisi ya IRS inayosimamia washirika, namba ya kutuma fomu kielektroniki, mpango wa usalama wa maandishi, kompyuta zinazolindwa, msimamizi aliyefunzwa, na mkaguzi wa kila fomu. Kikundi kichanga kikiyabeba hayo yote, kitachoka kabla ya Februari.

Pigeni 800-906-9887 au tafuteni kwenye tovuti ya IRS vituo vilivyo karibu nanyi. Nendeni kwa msimamizi mkiwa na pendekezo kamili: "Tutawaletea wakalimani wanne waliofaulu mtihani, na tutaleta familia kila Jumamosi ya pili." Vituo vingi vina uhaba wa watu wa kujitolea, kwa hiyo msiende kwa unyonge. Mnachopeleka ni kitu ambacho wao hawana.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi kabla ya kugawana vitabu

Si kila mtu lazima ajaze fomu. Kuna mpokeaji wa mlangoni, mkalimani, mwandaaji, na mkaguzi. Wote, hata yule wa mlangoni, lazima wafaulu mtihani wa maadili ya watu wa kujitolea na wasaini Fomu 13615, na msimamizi athibitishe kitambulisho chao. Mpokeaji au mkalimani asiyejibu maswali ya sheria ya kodi anaweza kuishia hapo.

Kwa maoni yangu, mkalimani asiishie hapo. Asome pia kiwango cha Basic, yaani cha msingi cha sheria ya kodi, na akifanyie mtihani, hata kama hatagusa kompyuta. Mkalimani asiyejua kwa nini swali fulani linaulizwa hulifupisha, na mara nyingi kile alichokikata ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Hatua ya 3: Mafunzo (Novemba hadi katikati ya Januari)

Yote ni bure. Darasa la mtandaoni linaitwa Link & Learn Taxes. Vitabu vya kujua ni vitatu: Publication 4491 inafundisha somo kwa somo, Publication 6744 ina mitihani, na Publication 4012 ndiyo mtakayokaa nayo mezani msimu mzima. Hiyo ya mwisho ichapisheni, mtie alama za rangi kwenye kurasa. Mtihani unafanywa vitabu vikiwa wazi, kufaulu ni asilimia 80, na ukishindwa mara ya kwanza kuna marudio.

Basic inatosha kwa mtu wa mshahara na watoto. Advanced, kiwango cha juu yake, inahitajika kwa madereva wa Uber na wale wa kupeleka vyakula, na hao kwetu ni wengi. Kuna pia mtihani wa wanafunzi wa kigeni, nitaugusa kwenye maswali.

Namna ya kusoma: kaeni pamoja, jadilini kwa Kiswahili, lakini majina ya fomu na mistari yaacheni kama yalivyo. Msipoteze usiku mkitafuta Kiswahili cha kila istilahi, maana skrini ya TaxSlayer, programu ya kujazia fomu kituoni, itawaletea Kiingereza hichohicho. Tungeni familia ya mfano inayofanana na za kwetu (baba anafanya kazi kiwandani, mama anafanya usafi hotelini, watoto watano, mjomba chumba cha chini) muijaze mwanzo hadi mwisho kwenye programu ya mazoezi, Practice Lab. Neno la siri la kuingilia mtapewa na msimamizi. Familia moja ya namna hiyo itawafundisha kuliko kusoma sura kumi.

Hatua ya 4: Mahojiano

Hapa ndipo mtu wetu ana thamani kuliko mwingine yeyote kituoni, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila anayehudumiwa hupitia Fomu 13614-C: nani anaishi nyumbani, nani kamlea nani, kipato kimetoka wapi. Kwenye karatasi ni maswali mepesi. Kwa mama aliyetoka Kivu akapitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kufika Iowa, si mepesi hata kidogo.

Anzeni na majina. Jina kwenye fomu ya kodi lazima lifanane na la kadi ya Social Security, si la hati ya safari wala la shuleni. Majina ya watu wetu yamegeuzwa mbele nyuma mara nyingi njiani, na yasipolingana fomu ikitumwa kielektroniki inaweza kukataliwa. Ndugu wa tumbo moja wenye majina tofauti ya mwisho ni jambo la kawaida kwetu, lakini mwandaaji asiyetujua atashangaa. Mweleze mapema.

Halafu undugu. Mtu akisema "huyu ni mwanangu", uliza kwa upole nani alimzaa. Mtoto wa kumzaa, wa kambo, mdogo wako, mpwa wako, wote wanaweza kuwa watoto wa kustahili wakitimiza masharti ya umri na ya kuishi nawe zaidi ya nusu mwaka. Mtoto wa baba mkubwa au wa shangazi hamo kwenye orodha hiyo, hata kama mmelelewa sahani moja. Anaweza kuwa mtegemezi kwa njia nyingine yenye masharti yake, lakini EITC hamletei. Usimwache mzazi aone kama anatuhumiwa uongo. Mwambie sheria ya hapa inauliza mstari wa damu na wa mahakama, haiulizi mapenzi.

Watoto waliobaki kwenye kambi za Kakuma na Nakivale, au kijijini, ndilo swali linaloumiza. Mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkaazi wa Marekani kwa macho ya kodi, au mkaazi wa Canada au Mexico. Mtoto asiye raia aliye kambini hahesabiki, ingawa baba anamtumia pesa kila mwezi. Na pesa anazotumiwa hazipunguzi kodi ya baba. Baadhi ya mafundi wa mtaani huwaandika watoto hao. Sisi hatuandiki.

Mume aliye hapa, mke akiwa bado anasubiri kambini, ni mtu mwenye ndoa. Asiandikwe hana mke kwa kuwa tu analala peke yake. Kesi hiyo ipelekeni kwa msimamizi, kwa sababu kuna njia zaidi ya moja na tofauti yake ni pesa. Vilevile familia iliyofika mwishoni mwa mwaka. Aliyetua Oktoba hajatimiza siku 183 za mwaka ule za kuhesabiwa mkaazi kwa macho ya kodi, na mwaka wa kwanza huweza kuwa nje ya uwezo wa kituo.

La pembeni: wakimbizi wengi wameandikwa wamezaliwa Januari 1. Kwa kodi, aliyezaliwa Januari 1, 1961 anahesabiwa ametimiza 65 mwisho wa 2025, na hapo anaongezewa punguzo. Usiliruke.

Mwisho kwenye hili, watoto wa shule wasitumike kuwakalimania wazazi wao. Hakuna mama atakayetaja deni au talaka mbele ya mwanawe.

Hatua ya 5: Siku ya kituo

Tangazo la kualika familia liseme waziwazi cha kuleta: kitambulisho chenye picha, kadi za Social Security au barua za ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) za wote, W-2 na 1099 (fomu za kipato kingine) zote, 1095-A kwa wenye bima ya soko la serikali, fomu ya kodi ya mwaka uliopita, na namba za benki. Benki ina uzito sasa, kwani tangu Septemba 30, 2025 serikali imeanza kuondoa hundi za karatasi. Akaunti iwe ya mwenye kodi. Ukiambiwa "weka kwenye yako dada, utanipa", kataa. Ni kosa la maadili, na utaondolewa.

Kadi za Social Security zisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Nasema hivi kwa sababu tunalifanya kila siku kwa mambo mengine. Anayetaka kuacha karatasi zake aondoke, kituo kitamsainisha Fomu 14446 kwanza.

Kila fomu lazima ikaguliwe na mtu mwingine aliyefaulu mtihani, mwenye kodi akiwepo, ndipo asaini. Wakifaili pamoja, mume na mke wote wasaini.

Hatua ya 6: Jueni mipaka

Nyumba ya kupangisha, biashara yenye hasara au wafanyakazi: hayo kwa kawaida VITA haigusi. Barua za madai kutoka IRS pelekeni kwenye kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, LITC, ambazo baadhi yake zina wanasheria.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Louisville:* Mwalimu, jambo. Kiingereza changu ni cha kubabaisha, ila natamani kusaidia. Mtihani ni wa Kiingereza tu?

Jambo mama. Mtihani wa maadili ni mfupi, soma taratibu na vitabu viko wazi. Anza mlangoni: pokea watu, wakague wana karatasi zote, uwatulize. Familia ikikuta anayeisalimia kwa lugha yake haiondoki kwenye foleni.

*Kutoka Des Moines:* Mzee nimemkalimania akanipa dola 20 "ya soda". Nilishindwa kumkatalia mtu mzima. Ni kosa?

Ndiyo, kaka, hata ikiwa ndogo. Mwambie, "Baba, nikiipokea nitafukuzwa," ataelewa. Kama anasisitiza, mwombe amlete jirani yake wiki ijayo. Na sanduku la michango lisiwe mahali watu wanaposubiri wala wanapohudumiwa.

*Kutoka Dallas:* Mimi naendesha Uber na pia nataka kujitolea. Madereva wenzangu watauliza gharama za gari. Tuwaambie waje na risiti?

Waje na rekodi ya maili. VITA hutumia kiwango cha maili peke yake, senti 70 kwa maili kwa 2025; hesabu ya mafuta na matengenezo haifanyiki kituoni. Waambie pia kwamba faida ikifika dola 400 lazima wafaili, hata kama hakuna kodi iliyokatwa. Anayeanza kuandika maili Februari amechelewa, kwa hiyo wahimize tangu leo, wewe pamoja nao.

*Kutoka Houston:* Ndugu yangu ni mwanafunzi Mkenya mwenye viza ya F-1. Anaweza kuja?

Aje kituo chenye mwenye cheti cha wanafunzi wa kigeni, uliza kwanza. Kwa kawaida miaka mitano ya kwanza hujaza 1040-NR, fomu ya kodi ya asiye mkaazi, na Fomu 8843 ya kueleza hali yake ya mwanafunzi wa kigeni, na hapati EITC. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo nafuu za mkataba asizitarajie. Asijifaili mwenyewe kwa programu ya kawaida kama mkaazi.

*Kutoka Portland, Maine:* Kuna shemeji kanisani anayefanya kodi kwa malipo. Anataka kujitolea nasi. Tumkubali?

Mkubalini, uzoefu wake ni msaada. Ila afanye mitihani kama wengine, na akiwa kituoni asigawe kadi ya biashara wala kunong'ona "njoo kwangu mwakani". Maadili aliyoyasaini yanakataza kujitafutia wateja, na mkiligundua msimamizi wa kituo aambiwe, shemeji au si shemeji.

*Kutoka Dayton:* Ruzuku ya VITA tuombe lini?

Maombi hupokelewa Mei kila mwaka, na kila dola mnayopewa lazima muioneshee dola yenu ya kulingana nayo. Fanyeni msimu mmoja au miwili chini ya mwenyeji kwanza. Mkiwa na hesabu ya familia mlizohudumia, maombi yenu yatasomeka.

*Kutoka Louisville tena:* Mwaka juzi fundi alimwandikia mama yangu mtoto asiyemjua. Afanyeje, au anyamaze?

Asinyamaze. Alete nakala ya fomu ile kituoni, mwenye Advanced anaweza kumwandalia marekebisho kwa 1040-X. Kama IRS imeshamwandikia barua, aende LITC moja kwa moja na asijibu peke yake. Fundi anaripotiwa kwa Fomu 14157. Kama mama atatakiwa kurudisha pesa, aombe kulipa kidogo kidogo; mpango huo upo.